Ombi la Kuzama Peke Yangu na Mitungi Mitatu

Kibanda cha Wapiga Mbizi,
Ukingoni mwa Bwawa.
Jumatano.

Kwa Afisa Usalama Kazini,
Ghorofa ya Pili, Chumba cha Tano.
(Kupitia Masjala, ingawa dirisha lako naliona kutoka hapa nilipoketi.)

Ndugu Afisa,

KUHUSU: KUKATALIWA KWA ORODHA YANGU YA VIFAA VYA KUZAMA BILA MWENZA

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana tangu ukabidhiwe kile kiti chenye magurudumu sijakuona umesimama. Mimi ni mzima wa afya. Meno ninayo yote isipokuwa yale mawili unayoyajua, na daktari wa kazini alinipima mwezi uliopita akaniambia masikio yangu ni ya kijana. Nimelitaja hilo kama taarifa tu.

Kabla sijaingia kwenye hoja, naomba ieleweke kwamba naandika kwa cheo. Ni kweli umemwoa dada yangu mdogo, na ni kweli Jumapili tulikaa meza moja ukanisogezea chumvi bila kunitazama. Hayo ni ya nyumbani. Hapa kazini wewe ni Afisa na mimi ni Mpiga Mbizi wa Kwanza, na kwa miezi miwili sasa ni wa kwanza na wa mwisho. Kwa hiyo neno shemeji hutalikuta humu ndani.

Kwa faida ya watakaolisoma jalada hili baada yetu, kazi yangu ni hii. Chini ya bwawa, mita kumi na nane kutoka juu, kuna bomba linalopeleka maji mjini, na mdomoni mwake kuna chekeche la chuma lenye upana wa mlango wa gereji. Kila Jumanne kwa miaka kumi na tisa wapiga mbizi wawili wameshuka kulisugua na kuondoa magugu, mifuko ya plastiki, matairi, na mara moja godoro la watu wawili. Sasa Jumanne nane zimepita halijaguswa. Wanaokaa ghorofa za juu wameanza kulalamika kwamba bomba linakohoa tu. Fungua bomba la choo hapo ulipo utalisikia mwenyewe, ukilitegea lile sikio zima.

Nikaomba nizame peke yangu. Nikaambatanisha orodha ya vifaa, kurasa nne, mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula. Jibu lako lilikuwa na sentensi tatu: "Hakuna kuzama bila mwenza. Orodha imekataliwa. Tafuta mtu." Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nilivyopewa habari. Kwamba umefeli kipimo, kwamba ngoma ya sikio la kushoto imetoboka na daktari amekukataza kuzamisha kichwa hata kwenye karai, kwamba umehamishiwa ofisini: yote hayo niliyasoma kwenye ubao wa matangazo, katikati ya tangazo la ndala zilizopotea bafuni na ratiba ya likizo. Nilikuwa nimeshavaa suti ya mpira, nakusubiri tushuke. Nilisimama pale ubaoni na mapezi mkononi, karani wa masjala akapita akaniuliza kama bwawa limehamia ndani.

2. Kuhusu hilo la kutafuta mtu. Nimetafuta. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kuogelea, na kwa kweli anaogelea vizuri sana juu ya maji, ila kazi yetu iko chini. Tulipofika mita sita pale ngazini alikumbuka kwamba ana watoto. Wa pili alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miraba minne, woga hana hata chembe, lakini anaongea ndani ya kipumulio muda wote, na nilipomwomba anyamaze alinijibu, na jibu lenyewe nalo sikulielewa. Wa tatu hakuwa na kasoro. Alikuja kwa wakati, akakagua vifaa vyake bila kuambiwa, kisha akaitoa ukutani ile brashi yako yenye utepe mwekundu kwenye mpini, akauliza hii ni ya nani. Nikamwambia nafasi imejaa.

3. Pembeni mwa ukurasa wangu wa kwanza umeandika kwa kalamu nyekundu: "Hajafikiria." Hilo limenikata maini. Ndugu Afisa, nimefikiria mpaka mke wangu ameniambia nikafikirie nje. Nilianza na mpangilio wa mitungi miwili mgongoni. Ni mpangilio wa heshima, unampendeza mtu akipigwa picha, lakini koki zake ziko nyuma ya kisogo. Koki ikianza kuvuja hewa utasikia povu bila kuliona, na anayeliona ni yule aliye nyuma yako. Kama nyuma yako hakuna mtu, inabidi uifikie koki mwenyewe kwa kupinda mkono. Nilijizoeza chumbani kwa kujifunga madumu mawili ya maji mgongoni. Mke wangu alifungua mlango akanikuta nimelala kifudifudi kitandani, nimevaa miwani ya kuzamia, mkono wa kulia umenasa nyuma ya shingo. Akaufunga mlango taratibu. Baada ya nusu saa alirudi kuninasua, nami nikaandika kwenye orodha, kama utakavyoona ukurasa wa pili, kwamba mpangilio huu haumfai mtu aliye peke yake, hasa kama mkewe amesafiri.

4. Mpangilio wa pili ulikuwa mtungi mkubwa mgongoni na mdogo kando yake kwa ajili ya dharura. Mtungi mdogo una hewa ya kumtosha mtu kupanda juu akiwa ametulia. Wewe unanijua nikiwa kwenye dharura, tusipotezeane muda. Ndipo nikafikia mpangilio wa tatu, ambao ndio niliouombea kibali: mtungi mmoja ubavu wa kulia, mwingine ubavu wa kushoto, kila mmoja na koki yake, kipumulio chake na geji yake, vyote mbele ya macho. Unavuta hewa ya kulia kidogo, unahamia kushoto kidogo, ishuke sawasawa. Upande mmoja ukiharibika unahamia wa pili bila kumpungia mtu mkono wala kumbembeleza. Kasoro niliyoiona ni moja, kwamba mlangoni mwa kibanda sipiti, natoka ubavu ubavu kama kaa. Juu ya hoja zote hizi kalamu yako nyekundu imeuliza: "Na akizimia?" Nakujibu kwamba mtu akizimia halalamiki, kwa hiyo ofisi yako itapata nafuu.

5. Vitu viwili viwili. Mtu akizama bila mwenza inambidi abebe yeye kila ambacho mwenza angekuwa nacho. Nimeorodhesha miwani mbili, moja usoni na moja mfukoni. Visu viwili, cha mguuni na cha kifuani, kwa ajili ya nyuzi za wavuvi. Taa tatu. Kioo cha kinyozi, cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, nijiangalie mgongo. Saa za kuzamia mbili, ambazo zinapishana dakika moja na sijui ipi inasema kweli. Zamani tulikuwa tunafuata yako. Niliomba pia kibao cha kuandikia chini ya maji, na mtunza stoo akauliza nitakuwa namwandikia nani. Nilimwambia atoe vifaa aache umbea. Vyote kwa pamoja, nilipovipandisha kwenye mzani wa stoo, vilifika kilo sitini na mbili. Wewe kwa mujibu wa kadi yako ya kliniki una kilo sabini na moja. Yaani nimepata mbadala wako aliye kamili na mwepesi kwa kilo tisa, asiyepiga miluzi wakati wa kuvaa, na bado naambiwa sijafikiria.

6. Ukurasa wa mwisho, pale chini kabisa, umeandika kwa herufi ndogo: "Angalau kamba." Naikataa kamba. Kamba ina ncha mbili. Ncha moja nitajifunga kiunoni, na nyingine lazima ishikwe na mtu aliyekaa juu ya ngazi, anayejua kwamba mvuto mmoja ni kuuliza kama u mzima na mivuto minne ni nitoe upesi. Nikiwa na mtu huyo sitakuwa peke yangu, na ombi langu ni la kuzama peke yangu. Nashangaa Afisa mzima hakuliona hilo.

7. Theluthi. Unajua utaratibu wetu wa hewa, maana tuliuandika pamoja: theluthi ya kwanza ya mtungi ni ya kwenda na kufanya kazi, ya pili ni ya kurudi, na ya tatu haiguswi, ni ya mwenzako akipungukiwa. Kwa miaka kumi na tisa nimepanda juu kila Jumanne na theluthi nzima ya hewa mgongoni. Hukuwahi kuihitaji hata siku moja. Nilikuwa nikiirudisha stoo, mtunza stoo ananiuliza kwa nini simalizi, kama anamsemesha mtoto na uji. Ilikuwa yako. Sasa nauliza kiofisi: hiyo theluthi niifanyie nini? Kwenye vitabu vyote nilivyosoma kuhusu kuzama bila mwenza imeandikwa kwamba sasa ni yangu mwenyewe. Nimejaribu kulizoea wazo hilo, limenishinda.

8. Ndiyo maana nikaongeza Mtungi wa Tatu. Nafahamu kwamba jambo hili ndilo lililokuudhi, kwa sababu hapo kalamu nyekundu imetoboa karatasi. Niruhusu ninyooshe maelezo. Mtungi huu utatundikwa kwenye mguu wa ngazi, mita nne chini ya maji, ukiwa umejaa, na kazi yake ni kunisubiri. Sitaki kitu kingine kwake. Baada ya kutafakari nimeona kwamba mtungi huu unatimiza masharti yote ya Mpiga Mbizi wa Pili kama yalivyo kwenye kanuni zako. Uko majini muda wote ninapokuwa majini. Una hewa ya ziada. Hauondoki mahali pake bila taarifa. Umepimwa kwa shinikizo mwaka huu na kufaulu, na muhuri umegongwa begani, jambo ambalo, kwa heshima zote, si kila mtu kwenye idara hii anaweza kulisema. Kwa hiyo naomba uandikwe kwenye daftari la mbizi, safu ya pili. Nafasi ya sahihi nitaiwekea namba yake. Naomba pia mtungi huu upewe kabati lako kibandani, kwa kuwa liko wazi, na kwamba nisilazimishwe kuitoa ile picha iliyobandikwa ndani ya mlango wake, ya mimi na wewe na lile godoro.

9. La mwisho ndilo ambalo sikuliandika kwenye orodha, na ndilo lalamiko hasa. Kanuni ya nne iliyobandikwa ukutani kibandani niliitunga mimi: tukishuka mita nne tunasimama, tunageukiana, kila mmoja anatoa ishara ya duara kwa kidole gumba na cha shahada, yaani mzima?, na hakuna anayeendelea mpaka ajibiwe. Kila Jumanne nilikuuliza. Kila Jumanne ulinijibu. Daktari anasema sikio lile lilianza kuharibika si chini ya mwaka mmoja kabla ya kipimo. Ndiyo kusema Jumanne zisizopungua hamsini ulikuwa mbele yangu, sikio linakuua kwa maumivu, ukaniwekea kidole juu ya kidole ukaniambia u mzima. Na mimi nikiona unashuka polepole nilikuwa nikikutania tukifika juu, nikikuita bibi harusi, nawasimulia hadi walinzi wa getini wanavunjika mbavu. Ningejua nisingesema. Ningekurudisha juu siku ile ile, ungetibiwa, na leo ungekuwa hapa unapiga miluzi yako. Hilo limeniuma, Ndugu Afisa, kuliko hata ule ubao wa matangazo. Mtu wa kwanza uliyepaswa kumwambia nilikuwa mimi, na nilikuwa hatua mbili mbele yako, nakutazama usoni, nakuuliza.

Kwa mantiki hiyo utaona kwamba ombi langu halina kiburi wala wazimu, kama ilivyonong'onwa kwenye kikao. Mtu ambaye jibu la mwenzake si la kuaminika ni kama hana mwenzake. Basi heri asiwe naye kabisa, abebe kilo zake sitini na mbili, ajiulize mwenyewe na ajijibu mwenyewe. Naomba yafuatayo: kibali cha mitungi miwili ya ubavuni, Mtungi wa Tatu kuandikishwa, saa moja kati ya zile mbili kupelekwa kwa fundi, na Kanuni ya nne kufutwa, kwa kuwa haina tena wa kumhusu. Nikikataliwa tena sitakuwa na njia ila kumwandikia Mkurugenzi, na nakala nitampa dada yangu, ambaye tunajua sote kwamba ndiye mwenye uamuzi wa mwisho.

Nakutakia kazi njema katika kiti chako. Wasalimie wote waliopo hapo ghorofani: karani wa masjala, mwambie bwawa bado liko nje, mtunza stoo, mwambie kibao nitakirudisha, wafagizi, na yule mama wa simu ambaye kila nikipiga ananiambia Afisa yupo kikaoni hali nakuona dirishani unakula karanga. Nyumbani pia wape salamu zangu. Mwambie dada sina ugomvi na mtu. Wapwa zangu waambie mjomba wao bado ana nguvu, na kwamba Jumapili nitakuja kama kawaida.

Wako katika utumishi,

Mpiga Mbizi wa Kwanza
(na kwa sasa wa pekee)

Nyongeza: Ukurasa huu naomba uuchomoe kabla jalada halijarudi Masjala.

Shemeji, jana Jumanne asubuhi ulipokuwa kikaoni nilizama bila kibali. Nilivaa kila kitu kama kilivyo kwenye orodha, nikatoka mlangoni ubavu ubavu, nikashuka ngazi. Mpangilio ni mzuri. Mitungi imekaa kama imeshonewa, koki naziona zote mbili, na Mtungi wa Tatu ulikuwa pale pale nilipoutundika. Nilifika mita nne nikasimama, kwa sababu tunasimama. Nikageuka. Nikatoa ishara.

Kanuni inasema hatuendelei mpaka tujibiwe, kwa hiyo nikasubiri. Sikuona kama nafanya jambo la ajabu. Nilimulika taa upande wako, nikatoa ishara tena, nikafikiri labda unarekebisha miwani. Nilisubiri dakika kumi na moja kwa saa moja na kumi na mbili kwa nyingine. Kisha ikanijia kwamba hakuna mtu, na kwamba nina hewa ya kutosha watu watatu na sijui niende wapi. Nikapanda juu. Chekeche sikuligusa. Nilikaa ngazini na vyuma vyangu vyote, na nisikufiche, nililia kidogo, ila kwa kuwa nilikuwa nimeshalowa hakuna aliyegundua.

Sasa kuhusu lile wazo lako la kamba, ambalo kwenye namba sita nimelijibu kwa hasira. Nimeliangalia upya. Anayeshika kamba haingii majini hata ukucha. Kazi yote inafanywa kwa mkono. Sikio halihusiki kabisa. Nina kamba mpya ya mita thelathini, na nimekuwekea stuli kwenye kidato cha juu cha ngazi, upande wenye kivuli. Brashi yako bado iko ukutani, nitaitumia mimi, ukiridhia.

Njoo Jumanne saa nne. Mvuto mmoja nakuuliza, mvuto mmoja unanijibu. Lakini kama siku hiyo wewe si mzima, shemeji, usivute. Nitapanda mwenyewe nije nikuone.